Kijiko Kilichoanguka Jukwaani

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Claudine ni kucha zake. Sisi wasusi tunatazama sana mikono ya wateja, kwa sababu mteja akishakaa kwenye kiti anailaza mapajani na kuisahau. Wanawake wanaokuja kwenye saluni ya Mama Germaine, hapa Kamalondo, wana kucha ndefu za kubandika. Claudine alikuwa na viatu vya bei, saa nzuri na manukato tusiyoyajua, lakini kucha zake zilikatwa mpaka kwenye nyama, bila rangi, kama za fundi.

Aliporudi mara nyingine aliomba nimsuke mimi. Nilisuka, naye akanitazama kwenye kioo.

"Weye hausemaka?"

Mama Germaine alinijibia, kama kawaida yake. "Ule? Ule ni mikono tu. Mudomo yake aliisahau ku Mitwaba."

Wote walicheka. Claudine hakucheka. Alisema, "Njo huyu muntu miye natafuta."

Mimi ni Exaucée, nina miaka ishirini na mitatu. Shule niliiachia kijijini kwetu, Mitwaba, mwaka wa tano wa msingi. Mwalimu alitaka tusome kwa sauti mbele ya wenzetu, na sauti yangu ilikwama kooni kila mara. Baba alipofariki, hakuna aliyenisukuma kurudi. Kusuka nilijifunza mwenyewe, na kusuka hakuhitaji kusema.

Claudine ni mzaliwa wa hapa Lubumbashi, wa familia ya Kasai, baba yake mfanyabiashara. Alisomea dansi Ubelgiji, na huko alikutana na mwalimu aliyejifunza Japani sanaa ya kufunga watu kwa kamba. Aliniambia inaitwa shibari, na kwamba neno hilo maana yake ni kufunga tu. Alitaka kuionyesha hapa, jukwaani, na alihitaji mtu wa kufungwa, mtu mtulivu. Nikaanza kumwita yaya, yaani dada mkubwa, na alasiri za siku za mapumziko nikawa nakwenda kwake mtaa wa Golf.

Mwanzoni hakunifunga. Alinionyesha kwanza jinsi ya kutayarisha kamba. Zilikuwa za nyuzi kama zile za magunia, ngumu, zinachoma ngozi. Tulizichemsha, tukazikausha zikiwa zimevutwa kati ya miti miwili ya uani, tukazipitisha juu ya moto wa mbabula, jiko letu la makaa, ili manyoya yaungue, kisha tukazipaka mafuta. Nilizipenda. Zilifanana na nywele zilizokwisha kutunzwa. Tukifanya kazi hiyo alinieleza mambo ya zamani. Alisema huko Japani, karne nyingi zilizopita, walinzi na askari walikuwa na namna zao za kumfunga mtu aliyekamatwa, na kila ukoo wa walimu ulificha namna yake. Mkubwa alifungwa kwa namna moja, mtu wa chini kwa nyingine, na watu barabarani walitazama kamba wakajua ni nani anayepita na kosa lake ni lipi. Baadaye waigizaji walizipeleka kamba jukwaani, wachoraji wakazichora, wapiga picha wakaja, na magazeti ya watu wazima.

Hapo nilikusanya nguvu nikamuuliza, huku nikitazama moto, "Yaya, si ni mambo mubaya?"

"Kuko bantu bakubwa banafanya mu chumba yao, kwa mapendo, na bote babili banakubali. Ile ni yao. Kuko benye kufanya mbele ya bantu, sawa dansi. Siye tuko ba dansi. Utavaa suruali na tricot, hakuna atakuvua kitu."

Kisha akanieleza sheria, na aliieleza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili ili niielewe vizuri. Zamani kamba ilikuwa ya mwenye kufunga. Sasa ni ya mwenye kufungwa. Akitaka ikome, inakoma, bila maelezo, hata kama mfalme anatazama. Watu wengi wana neno lao la kusema. Mimi, neno lisingetoka, yeye alilijua hilo. Akaenda jikoni akaleta kijiko cha chai, akakitia kiganjani mwangu.

"Ukisikia mubaya, uachilie. Kikianguka chini kitalia, na miye nitafungua. Hata kikianguka mara kumi, nitafungua mara kumi."

Tulijaribu. Niliachia kijiko bila sababu, kwa kujaribu tu, na kabla hakijamaliza kulia juu ya saruji yeye alikuwa ameshika fundo. Nilirudia tena siku nyingine, na nyingine. Hakukasirika hata mara moja.

Nyumbani mama alizikuta alama za kamba kwenye mikono yangu. "Kamba ni ya mbuzi," alisema. "Babu yako alifungwaga na bazungu sababu ya kodi, na weye unajipeleka mwenyewe? Na ku shingo unavaa chapelet ya Maria!" Ningemwambia nini? Kwamba ndani ya kamba hakuna anayeniuliza kwa nini sisemi. Kwamba mikono yangu, ambayo tangu asubuhi mpaka jioni ni ya vichwa vya watu, ilipumzika. Nilimjibu kwamba ni kazi, naye akageuka kusonga bukari, ugali wetu.

Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri katika ukumbi mmoja mjini, karibu na mabenki. Viti vilijaa. Mbele kabisa alikaa mgeni kutoka Brussels, mwanamke mwenye nywele fupi za mvi, ambaye angeweza kumwalika Claudine kwenye tamasha kubwa. Claudine alikuwa ameniambia hilo tangu asubuhi, na tena tukivaa. Pembeni kulikuwa na mpiga ngoma wetu, Désiré, ambaye naye alifundishwa habari ya kijiko.

Claudine alinifunga mikono nyuma, kijiko kikiwa kiganjani mwangu, akazungusha kamba juu ya mabega, akaipitisha kwenye pete iliyoning'inia na kunivuta polepole mpaka nikabaki nimesimama kwa vidole vya mguu mmoja. Ilikuwa kama mazoezini, lakini aliharakisha, na mzunguko mmoja ulikaa chini ya pale unapokaa siku zote, katikati ya mkono wa juu. Kwanza kidole gumba cha kulia kiliwaka moto. Kisha sikukisikia tena. Ganzi ikapanda. Nilijua mkono huo ndio unaogawa nywele.

Nikaachia kijiko.

Kililia juu ya mbao. Désiré aliinua mikono kutoka kwenye ngoma. Claudine akainama, taratibu, kwa uzuri, kama ni hatua ya dansi. Akakiokota. Akaja nyuma yangu, uso wake karibu na wangu, akakirudisha kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja.

Watu wakapiga makofi. Désiré akarudi kwenye ngoma.

Aliponifungua mwishoni, mkono ulining'inia kutoka kwenye kifundo. Niliuambia uinuke, haukuinuka. Mgeni wa Brussels alikuja kunishukuru, akanipa mkono wake, na mimi nikampa wa kushoto.

Daktari alisema mshipa wa fahamu ulikandamizwa, utaamka polepole, na hakuna awezaye kusema lini. Mama Germaine alinitania siku ya kwanza. "Mukono iko wapi? Umeiacha ku Japon?" Kisha akauona vizuri, akanipa kazi ya kuosha vichwa. Niliosha kwa mkono mmoja. Wateja wangu walihamia kwa Bénie, mdogo wetu wa pale saluni, msichana mcheshi ambaye bado anagawa nywele kwa mistari iliyopinda.

Baadaye Papa Zéphirin, msimamizi wa ukumbi, alituita mimi na Claudine ofisini kwake. Mgeni alikuwa ameandika kuuliza habari za mkono wangu na za kijiko kile, kabla ya kutoa mwaliko.

"Binti, nijibu bila woga," alisema. "Ile kijiko ilikuwa alama, ao ilianguka tu?"

Nilifungua mdomo. Claudine aliwahi.

"Papa Zéphirin, ilimuponyoka. Mikono ilikuwa na jasho. Kama ningejua ni alama, ningekata kamba palepale! Unaniona miye muntu wa namna gani?" Akaushika mkono wangu mgonjwa, akaupapasa kwa huruma, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. "Si ni vile, Exa?"

Nilitazama zulia. Koo lilifunga kama mbele ya ubao wa shule. Yeye alijua lingefunga. Ndiyo sababu alinichagua.

"Bon," alisema Papa Zéphirin. "Basi iko sawa."

Mwaliko ukaja. Tangu hapo Claudine hakukanyaga saluni, mpaka wiki hii, na hakunijia mimi. Vidole vyangu vimeanza kuinuka kidogo asubuhi, lakini kitana bado kinaniponyoka.

Jana Bénie aliingia akicheka, akatupa mkoba juu ya kiti.

"Miye naenda Ulaya! Yaya Claudine ananifundisha mambo ya kamba. Hata ku Golf nimeisha kufika. Exa, na miye ananipatia kijiko! Anasema nikisikia mubaya, niachilie tu."

"Uangalie, yako isikuponyoke sawa ya Exa," alisema Mama Germaine, na wateja wakacheka.

Nilikuwa na kichwa cha mteja kwenye beseni, povu mpaka kwenye viwiko. Nilifunga maji.

"Bénie."

Wote waligeuka. Sidhani walikuwa wamewahi kunisikia nikiita jina la mtu.

"Kijiko haikuniponyoka. Niliachilia. Na Yaya Claudine alijua, sababu wakati alinirudishia, aliniambia mu sikio: 'Vumilia kidogo, Exa, banatutazama.'"