Mtetezi wa Angel

Nehemia alikuwa na mdomo, na mdomo ule ndio uliompa ugali. Alikuwa dereva wa watalii pale Karatu. Kila alfajiri anawashusha wazungu kreta, kwenye bonde la wanyama, anawaonyesha faru kwa kidole na kuanza: faru huyu anakula nini, analala wapi, kwa nini leo amenuna. Faru hajawahi kumkatiza hata siku moja. Ndiyo maana mwenzetu alizoea vibaya.

Bertha, mama wa Kimachame aliyekuwa na mgahawa karibu na stendi, alikuwa amemchoka zamani. Lakini hakumchoka sawasawa mpaka Nehemia alipojitangaza kuwa rafiki wa Angel.

Angel alikuwa mpishi wa Bertha. Alizaliwa Rhotia, wakasema ni mtoto wa kiume, wakampa jina la kiume, akaishi nalo kama mtu aliyevaa kiatu kinachombana, mpaka akashindwa. Alipofika mgahawani mwaka elfu mbili na moja, amejifunga kanga, Bertha naye hakuelewa kitu, tusidanganyane. Alichofanya ni kumuuliza anataka aitwe nani, kisha akamwacha aongee. Angel akaongea jikoni huku wakimenya ndizi, leo kidogo, kesho kidogo, kwamba yeye ni mwanamke na alilijua hilo kabla hajaanza shule. Mengine Bertha aliyaelewa, mengine yalimpita, na hakuona kwa nini hayo yamzuie kusikiliza.

Nehemia? Thubutu. Yeye aliokota robo ya habari kwa mgeni mmoja wa Kiholanzi, na tangu siku hiyo akawa mtaalamu. Akija na wageni kula chakula cha mchana, Angel akileta sahani, anamnyooshea kidole na kuanza: huyu anajisikiaje, amepata shida gani, kabila lake linamwonaje. Angel mwenyewe kasimama pale pale na bakuli la mchuzi. Wageni wanatikisa vichwa kwa huruma, mmoja anaomba picha. Bertha alimwambia waziwazi kwamba mwenye habari ana mdomo wake. Nehemia akajibu kuwa Angel ni mwoga, anahitaji mtetezi. Mtetezi! Mtu ambaye hajamuuliza hata anatoka kijiji gani.

Basi mama yake Angel akaugua, akawa wa kitandani. Bertha alikwenda Rhotia kwa Leonce, kaka mkubwa wa Angel aliyekuwa hataki akanyage nyumbani, akazungumza naye taratibu mpaka akalegea. Leonce akakubali mdogo wake aje, ila iwe Jumapili watu wakiwa kanisani, nyumba isigeuzwe sinema. Angel hakutaka kingine duniani. Alitaka amwambie mama yake yeye ni nani, kwa kinywa chake mwenyewe, wakati mama angali anasikia. Masika yalikuwa yameharibu njia ya kijijini, na mwenye gari la kupita tope lile alikuwa Nehemia. Wakamwomba jambo moja: aegeshe barabarani, akae garini, asiseme kitu. Akaapa.

Lo! Aliliingiza gari mpaka uani akipiga honi. Majirani waliokuwa wamebaki nyumbani wakatoka kuangalia. Nehemia akashuka wa kwanza, akapanda kwenye kizingiti, akakohoa na kuanza hotuba. Familia hii imemtesa huyu binti, akasema, dunia imebadilika, yeye ameishi na wazungu na anajua. Akamtaja Angel kwa jina jipya na lile la zamani, yote mawili, mbele ya watu. Lile la zamani Bertha hakuwahi kulitamka hata mara moja.

Leonce uso ukamwiva kwa hasira. Mtu aliyekuwa ameshakubali, sasa anaitwa mtesaji mlangoni kwake. Akajaza mlango kwa mwili wake, akasema hakuna anayeingia humu ndani.

Angel alikuwa amesimama kwenye tope. Bertha akaona Nehemia anavuta pumzi aendelee, akatamani kumzaba kibao.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, nyembamba, ya mtu anayepumua kwa taabu. Mama yule alikuwa na Kiiraqw chake, lakini haya aliyasema kwa Kiswahili, mgeni ayapate vizuri.

"Leonce, mwambie huyo mwanamume anyamaze. Nataka kumsikia mwanangu."

Leonce akasogea upande. Angel akapita bila kumtazama mtu, Bertha akamsindikiza mpaka mlango wa chumba. Mama alikuwa ameugeuza uso kuwaelekea, ingawa macho yalikuwa yamekwisha nguvu.

"Siku hizi unataka tukuite nani?"

"Angel, mama."

"Njoo ukae hapa, Angel. Sema yote. Nakusikiliza."

Bertha akauvuta mlango, akaufunga, yeye mwenyewe akiwa nje. Angeweza kukaa, wala hakuna ambaye angemfukuza. Lakini maneno yale hayakuwa yake.

Nehemia alikuwa ameshapenya mpaka sebuleni, shingo ameinyoosha. Akauliza wanasema nini mle ndani, na kama Bertha ameona hotuba ilivyosaidia. Bertha akamjibu kwamba hajui wanasema nini, na hakualikwa kujua. Akavuta kigoda, akaketi, mgongo ameuegemeza kwenye mlango. Nehemia alipofungua mdomo tena, Leonce ndiye aliyemshika mkono akampeleka nje mpaka garini. Kisha akarudi, akakaa sakafuni kando ya Bertha, naye akangoja aitwe.