Siku ya Nane

Tangu asubuhi bibi alikuwa amekaa juu ya sanduku la mbao koridoni, nje ya dirisha la dawa, mjukuu wake wa miaka minne amemlalia mapajani. Mtoto alikuwa ametapika mara tatu. Sasa hatapiki tena, na hilo ndilo lililomtisha bibi. Damu ya mtoto huyu haikujua kujisafisha. Kila homa ilipomshika, sumu ilimpanda kichwani akasinzia, na bila sindano hangeamka. Sindano hiyo haikuuzwa duka lolote. Ilitengenezwa humu humu hospitalini, na mtu mmoja.

"Mke mwenza," bibi alimnong'oneza, akimtekenya wayo. "Ukilala, babu yako nabaki naye peke yangu."

Siku nyingine angerusha teke na kucheka. Leo vidole vya mguu vilijikunja kidogo tu.

Mfamasia akafungua dirisha. "Shikamoo bibi. Mtengenezaji yuko semina mpaka Jumatatu. Na hospitali nyingine hazitengenezi."

"Marahaba. Na ile chupa kwenye friji? Naliona jina la mjukuu wangu."

"Ni yake. Muda wake ulikwisha jana saa sita."

"Imeharibika?"

Mfamasia akaiinua kwenye mwanga. Maji meupe, hayana hata uzi. "Sijui."

"Anajua nani?"

"Hakuna. Tunaandika siku saba kwa sababu siku ya nane haijawahi kupimwa. Labda inadumu mwezi. Labda juzi ilikuwa imeshakufa."

"Basi ipimeni, mwanangu. Kungoja nakujua."

"Mashine ya kupimia tunayo." Akasita. "Umeikalia."

Bibi akainama, akapitisha kidole kwenye vumbi. Misumari ilikuwa haijaguswa.

"Mwaka wa pili huu. Inangoja mgeni rasmi aizindue."

"Basi mchome hiyo hiyo. Naandika kwa mkono wangu kwamba nimekubali."

"Wewe utaandika, bibi, mimi nitafungwa."

Akasukuma daftari dirishani. Dawa iliyopita muda humwagwa mbele ya shahidi, na leo zamu nzima alikuwa peke yake. Hakumtazama usoni. "Nisaidie sahihi."

Bibi hakuambiwa sahihi ni ya nini; alidhani akikubali hili, watamkubalia lile la sindano. Akaandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa za darasa la tatu. Mfamasia akavunja kizibo, akamimina chupa kwenye sinki, akafungulia bomba juu yake.

"Sasa tufanyeje?" bibi akauliza.

"Tungoje Jumatatu."

Wakaja wanaume wawili na mkasi na utepe mwekundu. "Bibi, tupishe kidogo. Mgeni rasmi kathibitisha, ni wiki ijayo."

Akashuka sakafuni na mjukuu wake. Wakalifuta sanduku vumbi, wakalizungushia utepe, wakafunga ua kubwa juu. Kipande walichokata kilidondoka, kikatua kwenye wayo wa mtoto, kikawa kinachezacheza kwa upepo wa feni.

Bibi aliutazama ule mguu, akingoja teke.