Lango Mbele ya Lango

Kila mkuu mpya wa chuo aliyeletwa Nkwantabisa alianza kazi kwa kujenga lango. Maabara zilivuja, vitanda vya mabweni vilisimama juu ya matofali, lakini lango lilikuwa lazima, na lazima litazame upande ambao la mtangulizi wake halikutazama. Mji nao ulikuwa mji wa kufuata. Lango likigeuka, watu walikusanya masufuria, viti vya vinyozi na mashine za kutolea nakala, wakahamia upande wa pili.

Maame Brago, muuza kenkey, alikuwa amehama kila lango lilipohama. La kwanza lilitazama stesheni ya malori, enzi hizo mama yake akikanda unga uliochacha na yeye akifunga madonge kwenye maganda ya mahindi. Wanafunzi walikuwa wachache, waliwaamkia wakubwa, na kuku wa mjini waliingia darasani bila kuulizwa. Siku hizi hata kuku angetakiwa aoneshe kitambulisho. Mkuu wa pili alisema lango lile linanuka samaki, akajenga la mashariki. Mashamba ya kakao ya huko yakafyekwa, zikaota hosteli za ghorofa, kila moja ikiitwa jina la mtoto wa mwenye nyumba aliyeko Ulaya. Wa tatu akaona mashariki pamejaa kelele, akajenga la magharibi, la vioo, linalotazama barabara kuu. Huko nyuma pakabaki mbuzi.

Sasa alikuwa amekuja wa nne, Profesa Ampomah-Darko, na ramani yake kwapani. Lango lake lingekuwa kaskazini.

"Kaskazini kuna nini?" Maame Brago alimuuliza Pokuaa, jirani yake wa kukaanga ndizi.

"Kinamasi."

"Na watu?"

"Wanagombania viwanja humo humo kinamasini."

"Basi waende wakawauzie vyura. Magoti yangu haya hayahami tena, mwenzangu. Nikihama tena nitabebwa, na nitakuwa nimelala."

"Na wewe hapa utamuuzia nani? Mbuzi?"

Maame Brago aligeuza madonge ya kenkey kwenye sufuria. Alikuwa ameona wateja wa mashariki walivyoyeyuka, leo wamejaa, wiki ya pili hakuna hata wa kuomba maji. Alishaanza mara tatu. Kuanza mara ya nne hakuwezi.

Siku ya kuchimba udongo wa kwanza ikapangwa Alhamisi, kwa kuwa waziri alikuwa na nafasi Alhamisi tu. Hapo pakawa na kasheshe. Alhamisi ni siku ya Ardhi kupumzika, na Nkwantabisa hakuna anayeigusa kwa jembe, awe mkulima au profesa. Okyeame Dwumfuo, msemaji wa chifu, alipanda ofisini na fimbo yake ya dhahabu kuwakumbusha. Profesa akamwambia chuo ni mahali pa sayansi. Okyeame akamwambia chuo ni mahali pa Nana, yaani chifu, kimeazimwa tu. Sayansi ikaomba muda.

Ikaundwa kamati, watu saba, wote wenye shahada za udaktari. Walikaa vikao mpaka wakaja na jibu: mchanga uchimbwe Jumatano, tena mji mwingine, uwekwe kwenye karai, na waziri achote humo. Ardhi ya Nkwantabisa isingeguswa hata na ukucha. Walipongezana sana.

Alfajiri ya Alhamisi ikanyesha mvua ya gharika. Msafara wa waziri ulifika lango la magharibi, mbele kabisa ya kibanda cha Maame Brago, ukakwama hapo. Dereva aliyetumwa kaskazini kutazama njia alirudi kwa miguu, na kiatu kimoja.

"Mheshimiwa, tuahirishe," Profesa alisema, jasho likimtoka ndani ya joho.

"Niahirishe? Waandishi wote hawa nimewaleta waje kula?"

Maame Brago alikuwa ameshafuta benchi lake kwa kanga ya kiunoni. "Baba zangu, hapa pana lami, pana na kivuli. Mchanga si mmekuja nao? Wekeni karai lenu, mfanye, mkapumzike. Karai halijui kaskazini."

Waziri akacheka. "Mama huyu ndiye mngemweka kwenye kamati."

Zulia jekundu likatandikwa, karai likawekwa juu ya benchi la kenkey. Okyeame akashika chupa ya pombe kali, akawamiminia mababu chini, akiwaita waliotangulia mmoja mmoja, akiwaambia lango linasimama hapa, walilinde. Waziri akachota kwa sepetu mpya yenye utepe. Picha zikapigwa. Ndipo Profesa akashika kipaza sauti.

"Lango lenyewe, bila shaka, litajengwa kule kaskazini."

Fimbo ya Okyeame ikagonga lami. "Kule wapi?"

"Okyeame, hapa ilikuwa ishara tu."

"Ishara? Nimewaita watu wazima kwa majina, wamekuja, wamekunywa, nimewaambia hapa. Sasa nikawaambie nini, wahame?"

"Wahame!" Maame Brago aliruka. "Jamani, mimi niliye hai nimehama mara mbili, najua adha yake. Sembuse wao, na mifupa ile!"

Umati ukaangua kicheko. Profesa akauliza kama inawezekana kuwaomba radhi wazee. Inawezekana, Okyeame akasema: kondoo wawili, chupa nyingine, na mchotaji awe yule yule. Waziri akatazama saa yake, akatazama matope kwenye suruali yake nyeupe.

"Mimi sirudi. Jengeni hapa."

Wakajenga. Mwaka haujaisha, mbele ya lango la vioo likasimama lango la zege, pana kama uwanja wa mpira, na kati ya mawili hayo hatua chache za mtu mvivu. Mwanafunzi anatoka lango, anaingia lango, kisha ndiyo anatoka. Walionunua kinamasi mpaka leo hawamsalimii Maame Brago.

Lakini siku ya rangi ya mwisho alikuta kibanda chake kimepigwa msalaba mwekundu: ONDOA. Kinaharibu sura ya lango.

"Nilikwambia," Pokuaa alisema.

"Hukuniambia chochote. Shika upande ule tunyanyue."

Wakakinyanyua, wakakisogeza katikati ya malango mawili. Walinzi wa lango la zamani wakasema pale ni nje, si kwao. Walinzi wa lango jipya wakasema pale ni ndani, si kwao. Profesa alipoletewa habari akaunda kamati kuamua pale ni wapi, na kamati ingali inakaa.

Maame Brago naye anakaa. Mvua ikija kutoka huku inazuiwa na zege, ikija kutoka kule inazuiwa na vioo. Wanafunzi wanaokimbia mvua hukuta pilipili tayari.

"Si ulisema huhami?" Pokuaa humchokoza.

"Nimehama wapi? Nimejisogeza. Hebu nipe ndizi, na uulize huyo wa tano anakuja lini."