Iko na Shida

Kabla hajawa Excellence, Urbain alikuwa Banki. Jina hilo alipewa na watu wa Victoria, mtaa uliobeba jina la malkia wa Waingereza. Serikali ikabadilisha kibao, vinywa vyetu vikagoma. Benki za vioo zilizitazama karatasi zetu za ukimbizi kama uchafu wa kiatu. Basi kila Jumapili baada ya ibada, wasusi, wauza simu na walinzi walimpelekea Urbain likelemba, mchango wa zamu: leo unachukua wewe, kesho mimi.

Desturi ilikuwa moja. Mtu akibanwa na kutaka kuruka zamu achukue mapema, alimnong'oneza Banki sababu sikioni. Banki akasimama, akawaambia wengine: "Iko na shida." Basi. Kuuliza shida gani ilikuwa aibu kubwa kuliko kuiba.

Halafu jumuiya ikatafuta rais, wa kuongea na wakubwa wa mji kila maduka yetu yanapovunjwa na wenyeji wasiotutaka. Urbain akajitokeza. Mpinzani wake alikuwa Mama Antoinette wa saluni, mwenye ulimi wa kuchekesha hata matangani.

"Papa Banki," alimtania mbele ya ukumbi mzima, "kazi yako kulalia pesa kama kuku na mayai yake. Nani alishaona kuku anahutubia?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Jasho likamtiririka Urbain chini ya tai, na mdomo ukaitangulia akili.

"Afadhali kuku! Mimi sina kaka mwizi gerezani. Muulizeni aliruka zamu kwa ajili ya nani!"

Kicheko kikakatika. Antoinette akaketi polepole, akipapasa kiti kama aliyezimiwa taa.

Urbain akashinda. Ndivyo tulivyo: tunampenda anayezijua siri za wengine, tukidhani zetu atazisahau. Lakini Jumapili iliyofuata likelemba ilihamia saluni, kwa Antoinette.

Urais ukawa tai, picha na madiwani, chakula cha jioni Westville kwa matajiri. Maduka yakavunjwa Isipingo, Urbain akatoa tamko. Tamko halikurudisha hata kufuli. Watu wakamwita Excellence, yaani Mheshimiwa, tena kwa kulivuta jina, "Ekselaaans," na meno nje. Akasalimiwa, akapigiwa makofi. Ila hakuna aliyemwinamia tena, na kila Jumapili sikio lake lilikumbuka ile pumzi ya moto ya mtu anayemwamini.

Muhula ukaisha, wakamtupa. Jumapili moja akaingia saluni kofia mkononi, akamwinamia Antoinette kwenye kiti chake cha kusukia, akamnong'oneza sababu sikioni. Mkewe, Yvette, akili zilikuwa zimemruka. Alikuwa chumbani kwao Clairwood, mlango umefungwa kwa nje. Urbain alitaka kumfikisha kwa daktari kabla majirani hawajajua.

Antoinette alisikiliza hadi mwisho. Hakumtazama. Akasimama na kitana chake.

"Papa Urbain iko na shida."

"Shida gani?" Aliyeuliza alikuwa Mzee Nzeyimana, Mrundi anayelinda maghala, ambaye hajawahi kusahau kitu. "Tuambie, Excellence. Si wewe ulitufundisha kuuliza?"

"Nimesema iko na shida, Mzee. Inatosha."

"Kwako wewe ilitosha, mama?"

Antoinette akaketi, akaweka kitana magotini.

Wote wakamgeukia Urbain. Angesema tu "ni mke wangu", wangemhurumia. Watu wetu wakali, lakini mioyo wanayo. Na kabla ya jioni, kutoka Victoria hadi Isipingo, jina la Yvette lingekuwa linatafunwa pamoja na mahindi ya kuchoma, kama lilivyotafunwa la yule kaka wa gerezani. Na jino la kwanza siku ile lilikuwa lake yeye.

Akavaa kofia.

"Hapana shida," akasema. "Nitangoja zamu yangu."

Alikuwa ameshika kitasa aliposikia mtu akiita nyuma yake, "Banki!"

Akageuka upesi kama kijana.

Estella, muuza simu, alikuwa ameinua mkono, macho kwa Antoinette. "Banki, tuendelee basi. Nani anafuata?"