Chujio la Draya

Dada yangu alikuwa na usaili saa nane mchana, kazi ya mapokezi hotelini, kazi aliyoitafuta mpaka soli zikaisha. Asubuhi nikamsindikiza saluni kwa shangazi, mimi na mdomo wangu usiojua kupumzika.

Shangazi akamfunga rola, akamkalisha chini ya ile draya ya kofia, iliyokuwa imelala kwa fundi wiki kadhaa. Nikachungulia ndani. Kitu cha kijivu kinaning'inia, matundu matundu.

"Shangazi, hiki nini?"

"Chujio. Fundi kaweka jipya. Wewe umewahi kukausha nini zaidi ya makamasi?"

Hapo alinipata. Akawasha.

Joto lilipopanda, kikatoka kijiharufu kama karatasi iliyolowa mate ikapigwa pasi.

"Shangazi, inadondosha maji," dada akasema. Akapeleka mkono kichwani, akautazama. Si maji. Buu. Jeupe, nene, bado linajinyonganyonga kati ya vidole. La pili likamteleza shingoni, likazama ndani ya blauzi.

Aliruka huyo! Shangazi akachomoa waya. Nyigu mmoja akatoka kwenye kofia, miguu inaning'inia, akapita dirishani kama mwenye nyumba aliyeudhiwa.

"Chujio lako limezaa," nikasema. "Nyigu hutafuna mbao, wakazichanganya na mate, wakajenga kiota, ndiyo hiyo karatasi. Na watoto wanalishwa viwavi waliotafunwa."

"Waliotafunwa?" dada akauliza, akatapika kwenye sinki la kuoshea nywele.

Shangazi akaanza kufungua rola. Buu moja lilikuwa limepasuka, utumbo wake umegandana na nywele na losheni, unavutika kama gundi. Akaosha, akaosha tena.

"Bado yamo. Nayasikia yanatembea."

"Hamna kitu, mwanangu."

"Nyoa."

"Na usaili je?"

"Nikienda hivi nitajikuna mbele ya meneja kama mbwa. Nyoa, shangazi!"

Mashine ikanguruma. Mimi nikazoa nywele kwa fagio, uso nimeugeuzia ukutani.

Dada akajipaka mafuta, akavaa hereni, akajitazama kwenye kioo. Kipara kilimkaa, haki ya nani.

"Twende," akaniambia. "Na ukitoa mzaha hata mmoja njiani, nimebakiza buu moja kwenye tishu. Utalimeza."

Nikamfungulia mlango, kiganja kimeziba mdomo.