Jino la Omwenga

Mimi sipendi mtu aingie kwangu bila kubisha hodi, lakini kwa miaka kumi na miwili baada ya mume wangu kufa hakuingia hata mtu wa kumkemea. Nilikaa Ekerenyo, juu kidogo ya soko, na migomba yangu, mistari michache ya chai na kuku. Nilizaa watoto watatu, nikazika watatu. Jumamosi, Sabato yetu, nilikwenda kanisani nikakaa benchi la nyuma, kwa sababu wazee wa kanisa walisema mwanamke anayetwanga majani ana mambo na mizimu. Mizimu gani? Aliyeumba ndizi ndiye aliyeumba kishonanguo, na sijasikia mtu ametengwa na kanisa kwa kula ndizi.

Kisha nikaletewa Omwenga.

Alikuwa mtoto wa jirani yangu Mogire, karani wa kituo cha kupimia majani chai, na mkewe Persis, aliyeolewa kutoka Nyamarambe. Tangu aanze kutambaa, ngozi yake ilikuwa inafanya madoa meusi kila alipoguswa. Akijikwaa, goti linavimba kama boga. Akijikata kwa unyasi, damu inachuruzika kutwa nzima. Persis alikuwa na sababu ya kuogopa. Ndugu zake wawili walikwisha hivyo hivyo, mmoja baada ya kung'olewa jino, mwingine baada ya kutahiriwa. Kwao walisema ngariba alikuwa na mkono mbaya, wakaacha hapo.

Basi mimi nikafanya nilichokijua. Nilitwanga kishonanguo, nikakamua maji yake ili asukutue fizi zilipovuja. Nilimchemshia chinsaga, ile mboga chungu tunayowapa wanawake waliotoka kujifungua, irudishe nguvu. Goti likivimba nilimlaza, nikaliwekea kitambaa cha maji ya mtoni, na nilimfokea akitaka kusimama. Kwa mambo madogo madogo ilisaidia, na hilo nalisema bila haya.

Siku alizoshindwa kwenda shule, Persis alimwacha kwangu. Mtoto yule alikuwa na mdomo! Aliuliza kwa nini jogoo hatagi, kwa nini wazungu hawali wimbi, kama Mungu ana mama. Aliniita magokoro, yaani bibi, na mimi sikuwa na mjukuu duniani. Jioni mama yake alipomchukua, nyumba ilinyamaza hata nikawa nazungumza na sufuria. Nilikuwa mpweke, nasema wazi. Upweke ndio ulionifanya mjinga.

Ilikuwa Machi, mwaka wa sabini na moja. Omwenga alikuwa na miaka tisa. Jino la utotoni liling'oka, na damu haikukoma. Nilimsukutuza siku nzima, nikabana pamba, nikabadilisha majani, wapi! Mogire alikuwa kazini, Persis alikuwa na wiki moja tangu ajifungue binti. Nikambeba mtoto mwenyewe mpaka kwenye basi, tukaenda hospitali Kisii. Tulikaa siku nne. Waliining'iniza chupa ya damu, kisha nyingine, ikaingia mkononi mwake tone kwa tone, na siku ya tatu kinywa kikakauka. Niliona kwa macho yangu. Majani yangu yalikuwa kwenye kikapu chini ya kitanda, yamenyauka.

Daktari alinikalisha, akaniuliza juu ya ukoo wa mama. Nilipomweleza habari za wale ndugu wawili, akatikisa kichwa.

"Ugonjwa huu unapita kwa mama," akasema. "Binti anaubeba bila kuumwa. Mtoto wa kiume ndiye anayevuja. Majani yako ya kusukutulia si mabaya, endelea nayo fizi zikichubuka. Lakini mwambie baba yake, mtoto huyu asiguswe na kisu. Hata tohara. Asitahiriwe kabisa."

Tukarudi. Tuliposhuka kwenye basi pale sokoni, wanawake walitukimbilia, maana walishasikia kwamba mtoto anakufa. Orpah, muuza chumvi, akamfunua Omwenga mdomo kama anayenunua ng'ombe.

"Imekauka! Ni hospitali?"

Wote walikuwa wananitazama mimi. Hakuna aliyenitazama hivyo tangu nilipokuwa bibi harusi.

"Hospitali walihangaika mpaka wakachoka," nikasema. "Ni majani."

Uongo ulitoka kirahisi namna hiyo. Na nikiwa nimeshasema hilo, ningewezaje kwenda kwa Mogire na maneno ya daktari? Nilimwambia tu kwamba mtoto aangaliwe vizuri. Yaliyobaki niliyameza.

Tangu siku ile uwanja wangu ulijaa watu. Walikaa kwenye nyasi wakingoja zamu, wakapiga soga, wakagombana, wakacheka. Bathsheba, mke wa mzee wa kanisa, aliniletea jipu lake akipitia njia ya nyuma. Wengine walitoka hata Kiogoro. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilianza kutembea sokoni polepole ili nisalimiwe na wengi.

Mwezi wa kumi na moja Mogire akaja na jogoo kwapani. Omwenga alikuwa nyuma yake, anameremeta.

"Mong'ina," Mogire akasema, akiniita mama kwa heshima ya kwetu, "mwezi ujao wenzake Omwenga wanatahiriwa. Persis amekuwa akilia kwa hofu, lakini nimemwambia, aliyekausha jino atakausha na hili. Utasimama pale na majani yako."

"Sitapepesa hata jicho, magokoro," Omwenga akasema. "Tuko kumi na mmoja. Tumeahidiana."

Nilipokea jogoo. Mungu anisamehe, nilimpokea, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini kingine. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho. Nikisema kweli, ningerudi kwenye ukimya wangu. Nikinyamaza, mtoto angesimama na wenzake alfajiri ile, na jua lingemkuta amekwisha.

Siku ya tatu nilimrudisha jogoo. Niliwakuta nyumbani kwao, nikasema yote, ya chupa za damu, ya daktari, ya kisu. Mogire alinisikiliza, kisha akacheka.

"Jogoo hatoshi? Sema mbuzi, mong'ina, usizunguke."

"Mogire, nakwambia nilidanganya."

"Kijiji kizima kilimwona mtoto. Mimi nilimwona." Uso wake ukakaza. "Kama hutaki kuja, usije. Majani yako nayajua, yanaota hata nyuma ya choo changu. Persis atatwanga."

Persis alikuwa amesimama mlangoni na yule binti mgongoni. Alinitazama sana. Nadhani alitaka kuniamini. Lakini kuniamini kulikuwa kukubali kwamba damu ile imetoka kwake, na kwamba binti aliyembeba amekwisha kuipokea pengine, na mama mkwe wake alikuwa ndani akisikiliza. Akainamisha kichwa, akaingia jikoni.

Nikaona hapo hakuna msaada. Nikangoja siku ya soko.

Nyangau, ngariba, alikuwa kwa mhunzi akinoa visu vya msimu, amezungukwa na wanaume. Sikumwita pembeni. Nilipaza sauti yangu hii mbaya, inayofukuza kunguru shambani.

"Nyangau! Majani yangu hayakukausha damu ya mtoto wa Mogire. Ni hospitali. Walimwongezea damu chupa mbili. Daktari alisema akiguswa na kisu atakufa, nami nikaficha. Ukimkata, hakuna jani la kumzuia, wala langu wala la mwingine."

Orpah aliacha kupima chumvi.

"Unajisema hivyo mbele ya watu wote?" Nyangau akauliza.

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Alijaribu kisu kwa kidole gumba, akakirudisha alani. "Kisu changu hakijaua mtoto. Mimi simgusi. Na nitawaambia wenzangu wa upande huu wote."

Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Kumbe tulikuwa tunatafuna nyasi!" Wakacheka. Nilinunua mafuta ya taa niliyokuwa nimekuja kununua, nikapanda kilima.

Jumatatu hakuja mtu. Jumanne vilevile. Hata wale niliowaponya vidonda kweli walianza kukumbuka kwamba vingepona vyenyewe. Kanisani nilibaki benchi la nyuma, safari hii kwa ajili ya uongo, na hapo wazee walikuwa na haki. Mogire hakunijia. Alituma neno kwamba nimemwua mwanawe bila kisu mbele ya soko zima, na kwamba mtoto asikanyage tena kwangu. Orpah ndiye aliyeniambia kuwa Persis alimchukua Omwenga akaenda naye Kisii peke yake, daktari akamweleza mwenyewe, akarudi bila kusema na mtu.

Desemba wale kumi wakaenda. Nilisikia nyimbo zao alfajiri zikishuka bondeni, na baadaye zikipanda, za watu waliofanya jambo kubwa. Walikaa ndani wakilishwa na kuangaliwa mpaka wakapona. Siku waliyotoka, wamepakwa mafuta na kuvaa kaptula mpya, wakipita nyumba hadi nyumba kupewa zawadi, kwangu hawakufika. Nilikuwa nimewawekea ndizi mbivu.

Alasiri hiyo nilikuwa napalilia karibu na ua. Nilipoinua macho, Omwenga alikuwa amesimama upande wa pili, njiani, ambako si kwangu. Alikuwa amerefuka.

"Ni wewe uliyesema?" akauliza.

"Ni mimi."

"Ningekufa?"

"Ungekufa."

Akafikiri. Hakulia, na afadhali angelia. Kule bondeni wenzake walikuwa wanapiga kelele kwa furaha.

"Wamesema siwezi kukaa nao tena," akasema. "Wamesema mimi nikae na wale wadogo, mpaka nizeeke." Akachuna jani la ua, akalitupa. "Sasa nitacheza na nani?"

Nilitaka kusema, na mimi. Neno lilikuwa tayari ulimini. Jinsi nilivyolitaka neno lile! Lakini nilikuwa kikongwe wa miaka sitini na mitatu, yeye alikuwa mtoto wa miaka tisa anayeuliza swali la kweli, na nilikwisha kumdanganya vya kutosha.

"Sijui," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyejibiwa. Kisha akageuka, akapanda njia ya kwao peke yake, akichechemea kidogo mguu wa kushoto. Nilimtazama mpaka akaingia mlangoni, mzima.