Ufunguo wa Pili

Plau lilikuwa la marehemu baba yao. Trekta walilinunua wenyewe, dada na mdogo wake, miaka mingi baada ya mazishi. Ndiyo maana vyuma hivyo viwili havikuelewana. Pini za plau zilikuwa nyembamba na matundu ya mikono ya trekta mapana, na usipozivalisha bushi, vile vipete vya chuma vya kujazia nafasi, plau zima hucheza. Chuma kizito kinachocheza nyuma yako hakina mzaha.

Dada ndiye aliyefunga, mdogo wake ndiye aliyeendesha. Na kwa kuwa kufunga kulimtaka dada aingie katikati ya trekta na plau, nyuma ya magurudumu makubwa, walikuwa na mwiko mmoja: trekta huzimwa, na ufunguo hukaa mfukoni mwa anayeingia.

Asubuhi hiyo mdogo wake alirudi nyuma taratibu, akazima, akashuka kumwekea ufunguo mkononi. Alikuwa amemletea na gunia kavu la kupigia magoti, maana umande ulikuwa mwingi.

"Haya, fundi mkuu. Usije ukalala humo."

"Kalale wewe kwenye siti yako, mvivu mkubwa."

Dada akautia ufunguo mfukoni, akaingia. Mkono wa kushoto wa trekta ukakubali kuingia kwenye pini, akachomeka klipu ya kuuzuia usitoke. Wa kulia ukagoma. Ulipungukiwa na upana wa kidole tu.

"Bado kidogo!" akasema, akiuvuta.

Injini ikanguruma. Trekta likarudi nyuma, chuma kikapita karibu kabisa na pua yake, kikagota kwenye pini. Kisha kimya.

"Hapo je?" mdogo wake akauliza kwa furaha.

Dada alitoka kwa kutambaa. Akapapasa mfuko. Ufunguo ulikuwamo. Akazunguka hadi kwenye usukani, akauona mwingine umechomekwa, mpya, unang'aa.

"Huo umetoka wapi?"

"Nilichongesha, dada. Nakuonea huruma, kutoka na kuingia, kutoka na kuingia, na magoti yenyewe hayo. Si nimekusaidia?"

"Tangu lini?"

Akatazama chini. "Msimu uliopita. Lakini sijawahi kuwasha ukiwa humo. Haki ya Mungu, leo tu."

Msimu mzima. Kila alfajiri alishuka, akamwekea ufunguo mkononi, akamtania, na wa pili uko mfukoni mwake. Dada alitamani mdogo wake angemwambia tu kwamba amechoka kungoja.

"Basi shika zote mbili," mdogo wake akasema, akiuchomoa na kumpa. "Ingia tumalize, jua linapanda."

"Na wa tatu?"

"Hakuna wa tatu, dada! Mimi ni wa kukufanyia hivyo?"

Huenda alisema kweli. Lakini miguu ya dada ilikataa.

"Ingia wewe," akasema. "Mimi nitakaa kwenye siti."

Mdogo wake akaitazama ile nafasi nyembamba. Akautazama mfuko wa dada yake, wenye funguo mbili.

"Ngoja kwanza nifungue waya wa betri, lisiweze kuwaka," akasema.

Kumbe alijua hatari ya kuingia humo huku mwingine ameshika ufunguo. Dada akampa spana, akageuka upande wa shamba ili mdogo wake asimwone akilia.